Gauni la Kompyuta

Chumba cha mbele katika nyumba ile kilikuwa na kazi nyingi kuliko nafasi. Cherehani ya Mama ilikaa karibu na dirisha. Meza ya kukatia vitambaa ilikaa katikati, na pasi ilikuwa juu yake, karibu kila mara ikiwa ya moto. Kwenye kona kulikuwa na meza ya kompyuta. Chini ya meza hiyo, kando ya kikapu cha mabaki ya nguo, lilisimama sanduku la kompyuta yenyewe. Ilikuwa kompyuta ya zamani. Baba, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti, aliipata kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake.

Sanduku hilo lilivaa gauni.

Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyelishona alipokuja kuishi nao mwanzoni mwa kiangazi. Hakuvumilia kuona kitu cha thamani kikikaa uchi mahali penye vumbi la nyuzi. Alichukua vipimo, akakata kitambaa kizito chenye maua, akaweka na bitana, kitambaa cha pili kwa ndani. Nyuma aliacha mpasuo wa kupitishia nyaya. Mbele alitengeneza tundu la kifungo, sawasawa na mahali pa kitufe cha kuwashia. Kwa hiyo mtu aliweza kuwasha kompyuta bila kuivua nguo. Wateja wa Mama walilisifu sana tundu lile. Bibi naye hakuchoka kulionyesha.

Asubuhi moja binti wa nyumba hiyo alikuwa ameketi mbele ya skrini. Bibi alimpa jina la Kiroboto tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja, na jina lilimganda. Sasa alikuwa mtu mzima, lakini miguu yake ilikuwa bado inacheza chini ya meza.

"Imeanza tena," alisema.

"Imeanza nini?" Mama aliuliza bila kuinua macho.

"Kujivuta. Nimebonyeza jibu, nasubiri. Nimebonyeza tena, bado nasubiri."

"Labda umebonyeza kwa hasira."

"Mama, haijui hasira."

Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Mtihani ulikuwa keshokutwa. Chuo cha kutengeneza miguu na mikono bandia kilikuwa kinachukua wanafunzi wapya. Kiroboto alikuwa amesaidia kushona kwa miaka mingi. Alijua kupima mwili wa mtu na kuheshimu kila tofauti ndogo ya umbo lake. Aliitaka kazi ile kuliko kitu kingine chochote. Lakini mtihani ulifanyika kwa kompyuta, kwa muda wa saa moja na nusu, bila kutoka. Aliyetoka, hata kwa bahati mbaya, alifungiwa mlango hadi mwaka ujao. Simu haikuruhusiwa. Duka la intaneti halikufaa, maana mtahiniwa alitakiwa kukaa peke yake chumbani huku kamera ikimwona.

Chuo kilikuwa kimetuma mtihani wa mazoezi wenye urefu uleule. Kiroboto hakuwahi kuumaliza. Mwanzoni kompyuta ilikwenda vizuri. Alipokaribia katikati, mshale ulianza kunasa. Herufi zilichelewa kutokea. Picha ya mguu, ambayo ilipaswa kuzunguka taratibu, iligeuka kwa kukwamakwama kama mlango uliopata kutu. Alipoizima na kuiwasha, ilipata nafuu ya muda mfupi, kisha ikarudia hali ileile.

Baba aliingia kunywa maji. Alitazama skrini, akainama, akalipiga sanduku kofi juu ya gauni lake.

"Baba, hilo si geti."

"Hata geti sipigi bila sababu," Baba alisema. "Mashine hii imezeeka, mwanangu. Hata mimi nikifika saa sita mchana huanza kujivuta."

"Lakini wewe huna mtihani keshokutwa."

"Mimi nasema ni virusi," alisema Mama. "Futa vitu huko ndani. Imeshiba mno."

"Nimefuta, Mama. Nimefuta picha. Nimefuta nyimbo. Nimefuta hata michoro ya mikono ya magauni ya harusi."

Cherehani ikanyamaza.

"Michoro ipi?" Mama aliuliza polepole.

Mama alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena.

"Nenda kamwite Mwalimu," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla hujafuta na mimi."

Mwalimu alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Alitunza kompyuta za maktaba, na mara kwa mara aliwafundisha watu wazima kuzitumia. Alikubali kupita baada ya kazi.

Bibi aliposikia hivyo, alisimama mara moja. "Mganga anakuja kumwona mgonjwa, naye amevaa nguo yenye vumbi? Haiwezekani." Akaifungua kompyuta vifungo, akalivua gauni, akalifua, akalianika uani.

Mwalimu alifika jua likiwa limepungua makali.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Karibu ndani."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu yule pale kwenye kona. Usimcheke, ni mzee."

Mwalimu hakuishika kompyuta kwanza. Alivuta kiti akaketi.

"Inakuwa nzito tangu inapowaka, au baadaye?"

"Baadaye," alisema Kiroboto. "Ikiwaka tu ni nyepesi kabisa."

"Na ukiizima, ukaiwasha papo hapo?"

"Inapata nafuu. Lakini nafuu hiyo ni fupi kuliko ile ya kwanza."

"Vizuri. Umeangalia kwa makini. Ilianza lini?"

"Tangu niilete," alisema Baba.

"Si kweli," alisema Mama. "Nilichorea nguo za masika humo bila shida. Ni kiangazi hiki."

"Kuna mtu amekwisha kufanya lolote kuirekebisha?"

Wote walimtazama Kiroboto. Kiroboto akatazama vidole vyake.

Mwalimu alicheka kidogo. Alifungua sehemu ya kompyuta inayoitwa pipa la taka. Michoro ya Mama ilikuwa bado humo, pamoja na picha na nyimbo. Akavirudisha vyote mahali pake. "Kitu kikifutwa, mara nyingi hukaa hapa kwanza," alisema. "Lakini msikitegemee kipipa hiki. Vitu vya maana viwe na nakala mahali pengine kabla ya kuanza matengenezo. Na tazameni hapa. Diski ina nafasi ya kutosha. Diski ikijaa sana, kompyuta huwa nzito kweli, ila hii haikujaa. Ndiyo maana kufuta hakukusaidia."

Kisha alifungua ukurasa unaoonyesha programu zinazofanya kazi kwa wakati ule. Zilikuwa nyingi. Baadhi zilikuwa zimejiwasha zenyewe pamoja na kompyuta, ingawa hakuna aliyezihitaji.

"Hizi ni kama wageni waliokaa jikoni," alisema Mwalimu. "Hawapiki, lakini wanaziba njia." Alimwonyesha Kiroboto jinsi ya kuzizuia zisijiwashe. Aliikagua kompyuta kwa programu ya kutafuta virusi pia. Haikupata kitu. Mama akatazama pembeni.

"Basi imepona?" Kiroboto alikuwa ameshasimama.

"Keti kwanza. Wageni wa jikoni wangeizuia tangu inapowaka. Ya kwenu inaanza vizuri, halafu inachoka. Hebu nyamazeni wote."

Wakanyamaza. Kutoka chini ya meza ilisikika sauti ya feni. Ilivuma kwa nguvu, juu zaidi na zaidi. Mwalimu aliweka kiganja chake nyuma ya sanduku.

"Inakimbia sana, lakini upepo hautoki. Ndani ya kompyuta kuna sehemu inayofanya hesabu zote. Tuiite ubongo. Ikifanya kazi, inapata joto. Feni inavuta hewa baridi na kusukuma nje hewa ya moto. Joto likizidi, ubongo unajipunguzia kasi wenyewe ili usiungue. Hapo ndipo unapoona mshale unanasa. Ukizima, inapoa kidogo. Ukiwasha, inakimbia tena hadi ipate joto."

"Kumbe inajilinda," alisema Baba, na akaupeleka mgongoni mkono aliopigia kofi.

Walizima kompyuta ipasavyo, wakachomoa waya wa umeme na nyaya nyingine zote, na Mwalimu akabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Walisubiri ipoe. Kiroboto alisubiri kwa kuzunguka meza ya kukatia. Kisha Baba akalibeba sanduku hadi uani, mbali na vitambaa. Mwalimu alishika kwanza chuma cha sanduku. "Mwili wetu hubeba umeme kidogo," alisema. "Hautuumizi sisi, ila unaweza kuharibu vitu vya ndani." Akafungua ubavu wa sanduku.

Ndani, feni na vyuma vya kupozea vilikuwa vimefunikwa na blanketi la nyuzi.

Mama aliinama. "Hizi za bluu ni za mapazia," alisema. "Na hizi nyekundu ni sare za kwaya. Zilinitesa sana sare hizi."

"Basi zimetesa wawili," alisema Mwalimu.

Alichukua brashi laini, mpya na kavu. Alizuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, akaondoa vumbi kidogo kidogo. Hakutumia maji wala kitambaa chenye unyevu. Baba alipotaka kufungua kasha dogo ambalo waya wa umeme huingia, Mwalimu alimshika mkono. "Hilo tusiliguse. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Ni la fundi wake."

Walipoiwasha tena, feni ilitoa sauti ndogo kama mtu anayelala vizuri. Kiroboto alifanya mtihani wa mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho. Picha ya mguu ilizunguka bila kukatika. Alimkumbatia Mwalimu, akamkumbatia Mama, akataka kulikumbatia sanduku.

"Jaribu tena kesho," Mwalimu alisema akiondoka. "Mara moja haitoshi kujua."

Kesho yake mchana, Kiroboto alikaa mbele ya kompyuta akiwa na furaha. Alipita sehemu ya kwanza. Alipita ya pili. Katika ya tatu, mshale ulinasa.

Miguu ya Kiroboto ilitulia, na hilo ndilo lililomtisha Mama.

"Imerudi?"

"Imerudi."

Halafu akaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Mama alikosea mshono, akaufumua, akaukosea tena. "Kaa chini, mwanangu, unanitia kizunguzungu." Mtihani ulikuwa kesho asubuhi.

Kiroboto alimpigia simu Mwalimu kazini.

"Vumbi limerudi kwa siku moja?" aliuliza.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. "Jana iliweza, leo imeshindwa. Kati ya jana na leo kuna kitu kimebadilika. Ni kipi?"

"Hakuna. Chumba kilekile, meza ileile."

"Fikiri tena."

"Jana ilikuwa jioni. Sasa ni mchana, kuna joto. Na pasi inawaka."

"Basi anza na pasi. Badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, itapona na hutajua nini kilikuwa kinaiumiza. Sawa, mdogo wangu? Nikimaliza hapa nitapita."

Kiroboto alizima pasi. Alizima na kompyuta, akaiacha ipoe, akaanza upya. Ilinasa palepale.

Alipiga magoti chini ya meza ili asikilize feni, kama alivyofanya Mwalimu. Sauti ilikuwa imefifia, kana kwamba inatoka chumba cha pili. Akaegemeza mkono kwenye sanduku. Kitambaa kilikuwa cha moto, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi.

Akatazama maua yaliyo mbele ya macho yake. Jana maua haya yalikuwa uani, kwenye kamba.

Hakulivuta gauni. Bibi alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale, akitunga uzi kwenye sindano za Mama. Asubuhi ileile alikuwa amelipiga pasi gauni, akaivalisha kompyuta, akafunga vifungo kimoja kimoja huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Bibi."

"Mm."

"Naomba mkono wako kidogo."

Bibi alisogea. Kiroboto aliuchukua mkono wake na kuuweka juu ya kitambaa.

"Ana homa huyu," alisema Bibi.

"Ndiyo, Bibi. Ana homa. Na amevaa gauni lenye bitana."

Bibi aliuondoa mkono wake, akaurudisha mapajani.

"Unasema ni mimi."

"Sijasema hivyo, Bibi."

"Hujasema. Lakini ndivyo ilivyo."

Mama alisimamisha cherehani. "Mama, mtoto hana maana mbaya. Ana wasiwasi tu wa mtihani."

"Nimemsikia. Mimi si yai, nisemeshwe kwa tahadhari." Bibi alijiinua kwa kushika meza. "Joto hilo nalijua tangu wiki ya kwanza. Nilidhani ndivyo mashine zilivyo, kama jiko. Basi tujue ukweli. Zima."

Alifungua vifungo mwenyewe. Alipolivua gauni, hakulitupa. Alilikunja mara mbili. Walisubiri sanduku lipoe.

"Sasa washeni pasi," alisema Bibi.

"Bibi, kwa nini? Itaongeza joto."

"Mwalimu wako amesema nini kwenye simu? Kitu kimoja. Pasi ilikuwa inawaka, na iwake. Na wewe, mwanangu, endelea na cherehani yako. Dirisha liwe vilevile. Kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, isipokuwa nguo. Nisije nikahukumiwa mimi kwa kosa la pasi."

Mama aliuma mdomo asicheke. Kiroboto alianza mtihani wa mazoezi. Sehemu ya kwanza ikapita, na ya pili. Bibi alisimama nyuma ya kiti akitazama picha ya mguu ambayo hakujua inauliza nini. Sehemu ya tatu ikaja. Mguu ulizunguka taratibu, goti, kifundo, kisigino. Uliendelea kuzunguka. Pasi ilitoa joto lake, cherehani ilipiga kelele zake, na kompyuta haikunasa hadi swali la mwisho.

Hakuna aliyeshangilia. Kiroboto aligeuka kumtazama Bibi.

"Basi ni gauni," alisema Bibi. "Nilikuwa namvalisha koti la baridi mtu mwenye homa."

Jioni Mwalimu alipopita, alimwambia Bibi kwamba wazo lake halikuwa baya. "Ulitaka kuzuia vumbi, Bibi, na vumbi ni adui kweli. Kompyuta ikizimwa na kupoa, ifunikeni. Ikiwaka, iwe wazi." Aliwaonyesha matundu ya mbele yanayoingiza hewa na ya nyuma yanayoitoa. Aliwaambia waliache sanduku mbali kidogo na ukuta, upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kikapu cha mabaki kihamie upande mwingine. Sanduku lisikae sakafuni, kwa sababu nyuzi nyingi huanguka huko. Na lisafishwe mara kwa mara, maana nyumba ya mshonaji hujaa nyuzi haraka. "Ikipata joto tena hata baada ya hayo yote, niiteni. Kuna dawa maalumu inayopakwa kati ya ubongo na chuma cha kupozea. Kompyuta ikizeeka, dawa hiyo hukauka. Hiyo ni kazi ya fundi."

Asubuhi ya mtihani, Baba aliingia amebeba kitu mkononi. Kilikuwa kigoda kifupi cha chuma, alichokichomelea jana baada ya kazi, chenye nafasi za kupitisha hewa chini.

"Inueni sanduku tuliweke juu," alisema. "Limepata kiti chake."

"Baba, ni kizuri sana," alisema Kiroboto. "Lakini leo hatubadilishi kitu."

"Hata kiti?"

"Hata kiti. Kesho."

Baba alimtazama Mama. Mama alitazama dari. Baba akakiweka kigoda nje ya mlango, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kukitumia, Bibi akakikalia.

Mlango ulifungwa. Mama alikwenda kupeleka nguo za wateja ingawa hazikuwa na haraka. Baba alikwenda kazini, akarudi kuchukua glavu ambazo alikuwa amezivaa. Bibi alibaki pale mlangoni na mkasi mdogo, gauni likiwa mapajani. Alifumua mshono mmoja, akatega sikio. Akafumua mwingine, akatega sikio tena. Mpita njia alipomsalimu kwa sauti, aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

Hatimaye mlango ukafunguka.

"Imenasa?" aliuliza Bibi.

"Haikunasa hata mara moja. Mimi ndiye niliyenasa, kwenye swali la goti."

"Ukafanyaje?"

"Nilifunga macho, nikakumbuka unavyopima suruali ya mtu anayechechemea. Kila mguu peke yake."

Bibi alishika magoti yake mwenyewe, kama anayeyapima. "Hilo nalo ni jibu," alisema.

Majibu yalikuja kabla ya mvua. Kiroboto alipata nafasi chuoni. Kompyuta ilibaki nyumbani juu ya kigoda chake, na Mama alichorea nguo humo mchana kutwa bila kusubiri mshale. Kila mwisho wa mwezi Baba alilibeba sanduku uani, na yeye na Mama walilisafisha kwa brashi laini, wakibishana juu ya rangi za nyuzi.

Siku ya kuondoka, Bibi alimpa mjukuu wake mfuko wa kubebea vifaa vyake. Ulikuwa wa kitambaa kizito chenye maua, na bitana ndani. Mbele yake, katikati kabisa, kulikuwa na tundu la kifungo lisilo na kifungo.

"Bibi, hili umesahau kuliziba."

"Sijasahau," alisema Bibi. "Mfuko nao upumue."